Polisi walimchukua mbwa wangu kwa sababu ya umbo lake, akarudi baada ya miezi saba. Uzi kwa walioko Uingereza (na wanaotaka kunicheka)

Binti Korogwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, kaeni mkao wa kula, mwenye haraka apite tu. Nimeuandika vipande vipande nikitoka shifti, kwa sababu wiki hii pekee watu watatu wa humu wamenifuata PM na swali lilelile: "Dada, polisi wamemchukua mbwa wetu, tufanyeje?" Bora niandike mara moja.

Utani utakuja, najua. Kwetu Korogwe mbwa alikuwa analala nje, anakula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, jina lake Simba kama mbwa wote wa mtaa ule, na alipokufa baba alimzika nyuma ya choo, chai ikanywewa kama kawaida. Nilipompigia mama kumwambia polisi wamemchukua mbwa wangu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kala kuku wa nani?" Nikamwambia hajala kuku wa mtu. "Sasa kosa lake nini?" Hapo nikakwama, maana jibu lenyewe ni kwamba mbwa alizidi sentimita mbili.

Mbwa anaitwa Chapati. Jina kalitoa mwanangu: ni mweupe mwenye madoa ya kahawia, kama chapati iliyosahaulika kidogo jikoni. Alikuja kwetu mwaka 2021 akiwa mdogo wa kutosha kwenye kofia. Aliyenipa, tuliyekuwa tunabeba naye boksi sehemu moja, aliniambia ni Staffi (Staffordshire Bull Terrier) aliyechanganyika na Labrador. Staffi hana tatizo na sheria. Nikaamini, kwa nini nisiamini?

Sasa sheria yenyewe, kwa kifupi. Mwaka 1991, baada ya binti wa miaka sita kujeruhiwa vibaya na mbwa kule Bradford, Bunge la Uingereza lilipitisha haraka haraka Sheria ya Mbwa Hatari. Ikapiga marufuku aina nne: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Miaka thelathini na kitu ikapita. Halafu mashambulizi yakaongezeka, watu wakafa, na Septemba 2023 mwanamume mmoja alipouawa Staffordshire, waziri mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, akatangaza kwamba XL Bully, lile jibwa kubwa lenye misuli, naye anaingia kwenye orodha. Kwa England na Wales, kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ilikuwa marufuku kumuuza, kumzalisha, kumgawa au kumtoa nje bila kamba na kifunga mdomo. Kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kuwa naye tu bila cheti cha msamaha ni kosa la jinai. Cheti kiliombwa kwa pauni 92.40, mwisho saa sita mchana tarehe 31 Januari. Asiyetaka usumbufu alimpeleka mbwa wake kuchomwa sindano ya kufa na kulipwa fidia ya pauni 200.

Mimi nilisoma yote hayo. Tena nilisoma kwenye basi, nikamwangalia Chapati jioni amelala chali kwenye zulia miguu juu, nikasema huyu si XL Bully, huyu ni mtoto wa Labrador. Sikuchukua futi kamba kumpima. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu. Maelezo ya serikali yanasema dume kuanzia sentimita 51 begani, jike 48, halafu kuna kichwa kipana, taya, kifua na kadhalika. Cheti cha mama na baba hakihitajiki. Hawaulizi mbwa kazaliwa na nani, wanaangalia anafananaje.

Walikuja Jumatano moja ya Machi 2024, saa moja asubuhi, nimetoka shifti ya usiku, bado nina sare. Askari wanne na kibali cha mahakama. Mmoja alikuwa na ile fimbo ndefu yenye kitanzi cha waya mwishoni. Chapati alimfuata yeye kwanza, mkia unapiga kabati, akadhani ile fimbo ni mchezo. Mama mmoja askari, mwenye mafunzo ya mambo ya mbwa, akatoa futi, akamsimamisha pale kwenye vigae vya jikoni, akapima kutoka sakafuni hadi mabegani. Akapima tena. Akaandika 53. Mwanangu alikuwa amesimama kwenye ngazi na nguo za shule, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Hakulia. Aliuliza tu, "Anarudi saa ngapi?"

Sasa hapa ndipo penye moyo wa uzi huu. Baada ya kumpakia, askari alinipa karatasi mbili. Moja ni ya kuthibitisha kwamba wamemchukua. Nyingine alinieleza kwa sauti ya upole kabisa, kama nesi: nikisaini hapa, naachia umiliki wa mbwa, jambo linaisha leo, hakuna mahakama. Nilikuwa sijalala. Nilikuwa na ombi la ukaazi linalosubiri majibu, na neno "mahakama" lilinipita mgongoni kama maji ya barafu. Kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Kilichoniokoa ni uvivu, si ujasiri. Nikasema, "Nitasoma nikiamka." Akasema sawa, akaniachia.

Nilipoamka nikasoma. Kusaini ile karatasi ni kumpa polisi mbwa wako, na mbwa wa aina iliyopigwa marufuku hawezi kutafutiwa nyumba nyingine. Kwa hiyo kusaini ni kumuua, sema tu hawakuandika hivyo.

Nitaendelea kesho, nikitoka kazini.

Kobe wa Nchi Kavu

Dada nimesoma mpaka mwisho nikitegemea utasema mbwa aligeuka kuwa jini. Mbwa wa kweli kumbe. Wakili ulimlipa shilingi ngapi? Maana kuna watu humu wana nyumba haijapauliwa tangu enzi za Kikwete.

Binti Korogwe

Kobe, wakili na mtaalamu wa tabia za mbwa, ukijumlisha, zilifika pauni elfu mbili na mia nane, nililipa kwa awamu na nikauza gari. Bati zako nitakutumia mwakani.

Baba Wawili

Mimi nitakuwa mtu mbaya wa uzi huu, mnisamehe. Niko Leeds. Mwanangu wa kwanza ana kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, mbwa wa jirani, mbwa aliyekuwa "hana neno". Kila mwenye mbwa husema wake hana neno. Mvulana wa miaka kumi aliuawa Caerphilly Novemba 2021 na mbwa wa namna hii hii. Huyo mzazi angepata wapi uzi wa kusema miezi saba baadaye karudi? Binti Korogwe, nakuonea huruma, lakini sheria ikiwa inasumbua watu mia ili mtoto mmoja asiliwe, mimi naipigia kura asubuhi.

Binti Korogwe

Baba Wawili, si mtu mbaya. Pole sana kwa mtoto. Sitabishana na kovu.

Naomba tu useme na hili: huyo jirani wako, mbwa wake alikuwa wa aina gani, na jirani mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani?

Baba Wawili

Alikuwa German Shepherd. Na jirani alikuwa mlevi, mbwa anafungwa bafuni siku nzima. Najua unakonipeleka. Bado kura yangu iko palepale, mbwa wa kilo hamsini akikosea hakuna nafasi ya pili.

Binti Korogwe

Haki yako. Na ujue mimi leo hii namfunga Chapati kifunga mdomo hata tukipanda gari la mtu, na wala sinuni.

SEHEMU YA PILI. Wengi mnadhani mapambano ni kuthibitisha kwamba mbwa wako siye wa aina iliyokatazwa. Nami nilianzia huko. Nilikusanya picha, nikamtafuta yule aliyenipa (simu imezimwa), nikataka kupima DNA. Wakili akanisikiliza vizuri, halafu akaniuliza: "Unataka kushinda ubishi au unataka mbwa?"

Iko hivi. Sheria haisemi "aina" kwa maana ya ukoo, inasema mbwa wa "mfano wa" pit bull, na Mahakama Kuu iliamua mwaka 1993 kwamba neno hilo ni pana kuliko ukoo. Mbwa akikaribia vya kutosha sifa zilizoandikwa, basi ni yeye. DNA ya nini hapo? Na ukishtakiwa, mambo yamegeuzwa kichwa chini: mbwa anahesabiwa kuwa ni wa aina hiyo mpaka wewe mshtakiwa uthibitishe kwamba siye, tena uwe umewapa taarifa siku 14 kabla kwamba unataka kuleta ushahidi. Sisi tumezoea kusikia kwamba mtuhumiwa hana hatia mpaka ithibitike. Hapa futi imeshahukumu.

Lakini kuna mlango wa pili, na wengi hawauoni kwa sababu wanapiga kelele kwenye mlango wa kwanza. Tangu marekebisho ya 1997, hakimu halazimiki kuamuru mbwa auawe. Anaweza kukubali kwamba ndiyo, ni wa aina hiyo, halafu akajiuliza: je, huyu mbwa ni hatari kwa watu? Anaangalia tabia yake na mwenendo wake wa nyuma, na anamwangalia mwenye mbwa, kama ni mtu anayefaa kukabidhiwa. Akiridhika, anatoa amri yenye masharti, na unapewa miezi miwili ya kukamilisha: mbwa ahasiwe, awekwe chipu, akatiwe bima ya kuumiza watu wengine, aandikishwe kwenye daftari la mbwa waliosamehewa.

Kwa hiyo mbwa anakamatwa kwa mwili wake, ila anayehojiwa mahakamani ni wewe. Nyumba yako ina uzio? Mwenye nyumba anakubali? Watoto wanakaaje naye? Uko kazini saa ngapi na nani anabaki? Umewahi kuitiwa polisi? Nilijaza faili zima: barua ya mwenye nyumba, barua ya mwalimu wa mwanangu, kadi za chanjo, risiti za daktari wa mifugo tangu 2021, picha za uzio niliouongeza urefu na kitasa kipya cha geti. Siku ya kesi sikutamka hata mara moja kwamba Chapati si XL Bully.

Mtoto wa South C

Siste, pole lakini swali moja. Si ungemtuma tu nyumbani? Huku Nairobi mbwa kama huyo ana kazi na mshahara. Ama umweke kwa ndege aende Tanga kwa shangazi.

Binti Korogwe

Kaka, hilo wazo si wewe wa kwanza. Akiwa mikononi mwa polisi si wako wa kumsafirisha. Na ngoja niwape visa viwili ambavyo wakili alinisimulia, nikavisoma mwenyewe usiku kucha, maana vilinifungua macho.

Cha kwanza ni cha Lennox, Belfast. Mei 2010 watu wa halmashauri ya jiji walimchukua nyumbani kwa familia moja yenye binti mlemavu. Naye alipimwa kwa futi. Familia inasema ni mchanganyiko wa American bulldog na Labrador, halmashauri inasema ni mfano wa pit bull. Kesi ikaenda mahakama hadi mahakama, miaka miwili na ushee, mbwa yuko bandani mahali pasipojulikana. Dunia nzima ikaingia. Waraka wa kumwombea ulipata saini zaidi ya laki mbili. Bondia Lennox Lewis akasema neno. Peter Robinson, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Ireland ya Kaskazini, akaomba halmashauri ifikirie upya. Victoria Stilwell, yule mkufunzi wa mbwa wa kwenye televisheni, akajitolea kumtafutia makazi Marekani, yaani hilo hilo la ndege unalosema. Yote hayo yakagonga mwamba. Mtaalamu wa halmashauri alishaiambia mahakama kwamba mbwa huyu ni hatari na hatabiriki, wa familia wakasema kinyume, majaji wakamwamini wa kwanza. Julai 11, 2012 wakamuua.

Cha pili ni cha Dempsey, London, zamani zaidi. Pit bull jike. Aprili 1992 alikuwa anatembezwa usiku, akaanza kuumwa tumbo njiani, kijana aliyekuwa naye akamvua kifunga mdomo ili atapike vizuri. Polisi wakapita. Wakati ule sheria haikuwa na huruma, hakimu alilazimika kuamuru auawe. Brigitte Bardot akajitolea kumchukua Ufaransa, wapi. Miaka mitatu wanakata rufaa. Novemba 1995 akanusurika, na sababu yenyewe nilicheka peke yangu kitandani: mwenye mbwa hakupewa taarifa ya siku ya kesi ya kwanza. Basi. Barua haikufika, mbwa akapona, akaishi mpaka 2003, ajuza wa miaka 17.

Saini laki mbili hazikumrudisha mmoja, karatasi moja iliyokosekana ikamrudisha mwingine. Baada ya hapo nilifuta ukurasa niliokuwa nimeufungua wa "Mrudisheni Chapati". Watu mia nne walikuwa wameshajiunga, na nusu yao walikuwa wanawatukana polisi kwa jina langu. Hebu fikiria hakimu anayepima kama mimi ni mtu anayefaa anaonyeshwa ukurasa ule.

Na ili msiseme Belfast ni ya kifo tu: mwaka 2016, jiji lilelile, halmashauri ileile ilimchukua mbwa anaitwa Hank. Wakasema naye ni mfano wa pit bull. Lakini tathmini ya tabia ikatoka nzuri, akarudi nyumbani kwa masharti baada ya wiki kadhaa. Makelele yalikuwepo pia, sikatai. Ila kilichofungua banda ni ile tathmini.

Mganga wa Mifugo Arusha

Nimefurahi kusoma uzi wa mbwa usiokuwa wa kumwagiana matusi. Huku kwetu hofu yetu na mbwa ni kichaa cha mbwa, na dawa yake ni chanjo, wala mtu hajali mbwa ana sentimita ngapi. Mbwa koko mwembamba asiyechanjwa ananitisha kuliko huyo Chapati wako.

Swali la kitaalamu: alirudi katika hali gani? Mbwa wakikaa bandani miezi mingi huwa wanaharibika viwiko.

Binti Korogwe

Daktari, umenigusa penyewe.

Miezi yote saba hatukumwona. Hawakuambii banda liko wapi, na huruhusiwi kutembelea. Aliyemwona ni mtaalamu wa tabia tuliyemlipa, mara moja, saa mbili. Ripoti yake ina kurasa 14 na niliisoma mpaka nikaikariri. Alimnyang'anya bakuli la chakula katikati ya kula. Alifungua mwavuli ghafla mbele ya uso wake. Alimletea mwanasesere mkubwa kama mtoto, alimpitisha mbwa mwingine nyuma ya wavu. Kwenye mwavuli ameandika kwamba Chapati "alirudi nyuma hatua mbili, akakaa, akatoa mguu". Ule mguu anautoa kwa mwanangu akitaka mkate. Nilipofika hapo kwenye ripoti nilikwenda kulia chooni, pale kazini.

Mahakama ilichukua dakika arobaini na tano. Karani alishindwa kulitamka jina, akasema "Chapeti". Mahakimu walikuwa watatu, mmoja mama wa Kihindi, akatabasamu, akamsahihisha: "Chapati." Mwishoni wakatoa amri yenye masharti. Akahasiwa akiwa bado mikononi mwao, chipu ikakaguliwa, mimi nikakata bima, nikalipa ile 92.40, cheti kikaja.

Alikabidhiwa kwenye maegesho ya gari nyuma ya kituo, Oktoba, mvua ya rasharasha. Akashuka kwenye gari la polisi polepole kama mzee anayeshuka daladala. Viwiko vyote viwili vina sugu nyeusi, ngumu kama kisigino cha mkulima. Mbavu zinahesabika. Aliponiona akafungua mdomo kubweka na sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu, sauti ilikuwa imekauka kwa kubweka miezi yote hiyo. Hakunirukia. Alikuja akaegemeza kichwa kwenye goti langu, akabaki hivyo, mpaka yule askari akaangalia pembeni.

Mwanangu nilikuwa nimemwacha shule kwa makusudi. Sikujua atashuka mbwa gani.

Mganga wa Mifugo Arusha

Sugu zitalainika taratibu kwa mafuta na malazi laini. Kifunga mdomo usimvalishe kwa nguvu, mpake siagi ya karanga ndani aingize mdomo mwenyewe.

Binti Korogwe

Ndivyo tulivyofanya, wiki tatu. Sasa akiona kile kikapu kinashushwa kwenye msumari anadhani ni sahani. Watu barabarani ndio hawajazoea, wanavuka upande wa pili. Mama mmoja alimbeba mtoto wake juu kabisa kama yametokea mafuriko. Zamani ningeumia. Sasa nasogea mimi kwanza, namwacha apite. Nikimwona, namkumbuka Baba Wawili.

Kobe wa Nchi Kavu

Mimi nilikuja kucheka na sasa nina machozi, uzi huu una kitunguu. Lakini niulize kiserious: hao polisi wanafaidika nini kukaa na mbwa miezi saba? Chakula chao nani analipa?

Mlipakodi Mpole

Sisi walipakodi. Polisi wenyewe walilalamika hadharani: gharama za mabanda na matibabu England na Wales zilikuwa kama pauni milioni nne mwaka 2018, na kati ya Februari na Septemba 2024 peke yake zikapita milioni kumi na moja. Mabanda yamejaa. Ukiwauliza askari wengi wa kitengo hicho hawaipendi kazi hiyo. Uholanzi walikuwa na marufuku ya pit bull tangu 1993, wakaifuta baada ya miaka kama kumi na tano kwa sababu watu waliendelea kung'atwa vilevile. Denver kule Marekani nao walikuwa nayo tangu 1989, wananchi wakapiga kura kuiondoa Novemba 2020.

Baba Wawili

Na Miami-Dade kule Florida walipiga kura 2012 wakaamua kuibakiza. Ukihesabu kura, hesabu zote, mkuu.

Mlipakodi Mpole

Ni kweli. Wao iliondolewa 2023 na sheria ya jimbo, si kwa kura yao.

Mgeni wa Usiku

Samahani kuingilia. Dada, mimi ni mmoja wa waliokufuata PM, sikungoja jibu. Walikuja jana. Jike, miaka minne, anaitwa Malaika. Nimesaini ile karatasi. Walisema nikisaini hakutakuwa na kesi na mimi viza yangu inaisha Agosti. Nimeona uzi huu sasa hivi. Mke wangu haongei na mimi.

Binti Korogwe

Mdogo wangu, acha kusoma, shika simu. Fanya hivi usiku huu huu.

Andika barua pepe kwa kituo kilichomchukua, weka namba iliyoko kwenye ile karatasi ya kwanza. Sema ulisaini bila kushauriwa na wakili, hukuelewa kwamba maana yake ni mbwa kuuawa, unaondoa saini yako na unataka suala liende mbele ya mahakama. Sema waziwazi asiguswe mpaka ujibiwe. Asubuhi wakifungua tu piga simu, uliza jina la askari anayeshughulika na mbwa, mwambie hayohayo, andika saa uliyoongea naye. Halafu wakili, lakini wakili wa kesi za mbwa hasa, wapo wachache na wanajulikana. Nakutumia namba ya wangu PM. Usimpe wakili wa nyumba au wa talaka, atajifunza kwa mbwa wako.

Kuhusu viza: mimi nilishughulikiwa kwa njia ya madai, hawakunishtaki, ombi langu la ukaazi lilipita. Kwako muulize wakili swali hilo kabla ya mengine yote, na usimfiche kitu.

Siwezi kukuahidi. Karatasi ikishasainiwa ni mlima. Lakini jana ni jana tu, mabanda yamejaa, huenda hata hawajafika kwenye faili lake.

Na mwambie mke wako kwamba mimi nilikuwa nimeshika kalamu.

Mgeni wa Usiku

Nimetuma. Saa tano na dakika ishirini. Mke kasoma kabla sijabonyeza, karekebisha sentensi mbili.

Mtoto wa South C

Tuko hapa boss. Utuambie kesho.

Kobe wa Nchi Kavu

Hata mimi nasubiri. Nyumba itapauliwa tu.

Binti Korogwe

Kabla sijatoka, wanaouliza kama yameisha: hayaishi. Cheti ni cha maisha ya mbwa. Siwezi kumuuza wala kumgawa. Nikihama lazima niwaarifu. Kulala nje ya nyumba hii mwisho ni siku thelathini kwa mwaka. Bima ikikatika hata siku moja, amerudi kuwa haramu, na wanaweza kugonga tena. Yetu inaisha tarehe 14. Nimeweka kengele kwenye simu wiki tatu kabla, na mwanangu kaandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, CHAPATI BIMA, herufi kubwa zimevuka mpaka tarehe 17.

Kitu kimoja hakijarudi. Gari lolote la aina ya van likisimama nje, hata la kuleta mizigo, Chapati anaondoka sebuleni bila sauti na kwenda kusimama nyuma ya mlango wa bafu. Anasimama tu, uso ukutani. Mwanangu huenda akakaa naye kwenye vigae mpaka gari liondoke, halafu wanatoka pamoja.

Haya, basi langu ni saa mbili kasorobo. Mgeni wa Usiku, ukipata jibu asubuhi andika hapahapa, nitaangalia saa ya chai.